Kilio Kinachoanzia Barabarani

Kikundi chao hakikuwa na mwandishi. Kilikuwa na watu wanne, ua wa saruji nyuma ya ukumbi wa parokia kule Mutanga Nord, Bujumbura, mabenchi mawili, na sheria moja. Mchezo waliutunga kwa midomo yao wenyewe, wakiwa wamesimama. Mmoja analeta wazo, mwingine analidaka, wa tatu analiharibu, wa nne analitengeneza, na kinachobaki jioni ndicho kinachoingia kwenye mchezo.

Sheria yenyewe ilikuwa ya Mama Spéciose. Mama huyu alikuwa amepita miaka sitini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliigiza redioni, kwa hiyo hata akiomba chumvi utadhani anasoma taarifa ya habari. Alikuwa amechoka, alisema, na mikutano ya wasanii ambamo watu hukaa kitako na kuua mawazo ya wenzao kama wanaua mbu. Basi akaweka hivi: ukilikataa wazo la mwenzako, inuka ulicheze wewe. Ulicheze kwa nguvu zako zote, kama ni lako, kama limetoka tumboni mwako. Ukimaliza, na bado hulitaki, hapo una haki ya kufungua mdomo.

Marcellin ndiye aliyeionja sheria hiyo kwa uchungu. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma asubuhi na mwigizaji mchana, mtu wa mzaha mwingi. Siku moja alimcheka Chanelle, mshonaji, mdogo kuliko wote kikundini, aliposema mchezo unahitaji mbuzi. Akaambiwa inuka. Akawa mbuzi alasiri nzima, akatafuna karatasi, akalia mpaka watoto wa jirani wakapanda ukutani kumtazama, na alipoketi akasema mwenyewe, huku akijifuta jasho, kwamba mbuzi abaki. Mbuzi akabaki, na kusema kweli aliigizwa vizuri kuliko binadamu wengi.

Odette aliipenda sheria hiyo kwa moyo wote, mpaka siku ilipomgeukia.

Huyu Odette alikuwa mwanamke wa Uvira, mji wa Wakongomani ng'ambo ya ziwa, muuza vitenge sokoni Ruvumera, mwenye kifua cha kuimbia kwaya na mdomo usiokosa jibu. Mchezo waliokuwa wakiutunga ulihusu ua mmoja wenye wapangaji wa pande mbili za mpaka, Warundi na Wakongomani, jiko moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Katikati ya mchezo, mpangaji wa Kikongomani anapata habari kwamba mama yake amefariki ng'ambo, naye hawezi kuvuka kwenda kumzika. Hilo halikutungwa na mtu. Mama yake Odette alifariki Uvira wakati vita vimeingia mjini na njia ya mpakani ya Kavimvira imefungwa. Wengine ndio waliomwosha, wengine wakamzika. Binti yake alibaki upande huu wa ziwa, na siku za anga safi aliiona milima ya kwao kama mtu anayeona chakula dirishani.

Kwa hiyo Odette alitaka jambo moja tu katika mchezo ule, na wenzake wote walilijua. Alitaka mama yake aliliwe. Aliliwe mbele za watu, kwa sauti, mikono kichwani, vile wanavyolia watu wa Uvira. Kama matanga ya kweli hakuyapata, basi angalau ayapate ya jukwaani. Katika mazoezi, kila walipofika hapo, alisimama, akasema, "Hapa mi nitalia," halafu wakaendelea na onyesho linalofuata. Alisema kilio hakifanyiwi mazoezi.

Ikawa hivyo mpaka alasiri moja Mama Spéciose alipoweka mkoba wake chini na kusema, "Apana."

"Apana nini, Mama?"

"Huyu mwanamke asilie. Eko nachambua maharage. Wanamwambia. Anaendelea kuchambua. Basi, tunazima taa."

Odette alimtazama kama mtu aliyetukanwa kanisani. "Mama Spéciose, mama yake amekufa! Si mbuzi ya Marcellin!"

"Nimesikia amekufa. Njo maana asilie."

"Kwetu mutu haendake hivyo, kimya kimya."

"Na kwetu hatupigagi makelele juu ya marehemu. Amosozi y'umugabo atemba aja mu nda."

Ni msemo wa Warundi: machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Odette alikuwa ameishi Bujumbura vya kutosha kuuelewa, na kuujibu.

"Ya mwanaume, Mama. Umesema we mwenyewe, ya mwanaume. Yangu inatokeaka inje."

Fahari wawili hawakai zizi moja, na hapa fahari wenyewe walikuwa mama wawili wenye sauti. Chanelle akajifanya anatafuta sindano. Marcellin, ambaye aliamini hakuna ugomvi usioweza kumalizwa na gitaa, akasema, "Bon, tuweke wimbo, tumalize." Wakamgeukia wote wawili kwa pamoja, akarudi benchini.

Odette alimheshimu mwanamke huyu. Tangu ajiunge na kikundi alikuwa akimtazama jinsi anavyosimama, jinsi anavyoweza kulishika neno moja na kuliachia pale tu linapohitajika, akajiambia kwamba siku moja naye atakuwa hivyo. Na sasa mwanamke huyo huyo anamnyang'anya mama yake mara ya pili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, akawaza, na hasira ikamjaa.

"Sheria ni ya nani?" akauliza. "Inuka, Mama. Umekataa kilio yangu, basi lia."

"Na we umekataa maharage yangu," alisema Mama Spéciose, akiinuka tayari. "Nikimaliza, utakaa chini uchambue."

Akalia. Mungu amsamehe, alilia vibaya. Sauti ilikuwa safi, pumzi zilikuwa mahali pake, kila neno lilisikika hadi nyuma, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Ilikuwa kama taarifa ya kilio, iliyoandaliwa na kusomwa na Mama Spéciose. Chanelle akajikaza, akajikaza, kisha kicheko kikamponyoka puani. Mama Spéciose akakoma katikati, akashusha mikono kutoka kichwani, akairekebisha shela yake bila kumtazama mtu.

"Zamu yako," akasema.

Walimletea Odette ungo na maharage ambayo Chanelle alikuwa ameyanunua kwa ajili ya kupika kwake. Akaketi juu ya mkeka. Odette alikuwa na ubaya wake mwingi, lakini hakuwa mtu wa kuchezea kazi. Sheria ilisema kwa nguvu zako zote, naye akaamua kutoa nguvu zote ili aone mwenyewe jinsi wazo hili lilivyo bovu. Akachambua. Maharage huku, mawe kule. Marcellin akaingia kama mpangaji mwenzake, akasimama, akasema, "Wamepiga simu kutoka ng'ambo. Mama hayuko tena."

Mkono wa Odette ukasimama kidogo hewani. Kisha ukachukua haragwe, ukaliweka. Ukachukua jiwe, ukalitupa. Akainua macho akamtazama Marcellin kwa adabu, kama mtu anayemtazama mteja, akasema, "Asante." Akarudi kwenye ungo.

Chanelle, aliyekuwa akicheka sasa hivi, alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Odette aliendelea kuchambua, na alipoinua kichwa aliziona nyuso zao, akaelewa amefanya nini. Alikuwa ameshinda kesi ya mpinzani wake. Kama angecheza kivivu angeokoa kilio chake, lakini alicheza kama anavyojua kucheza, na sasa hata Mungu angeupigia kura ungo.

"Mama Odette, unisamehe," Marcellin alisema taratibu, "lakini hii ya maharage iko na nguvu sana."

Odette akausukuma ungo, maharage yakamwagika. "Basi chezeni na maharage yenu. Mi siwezi kumuzika mama yangu hivi mara ya pili."

"Mara ya pili?" Mama Spéciose aliuliza.

Lakini Odette alikwisha kuchukua viatu vyake na kutoka.

Mara ya kwanza alikuwa sokoni. Simu ililia wakati mteja amesimama mbele yake, ameshika kitenge cha maua ya njano, na sauti ya shemeji yake ikamwambia habari ile kwa maneno machache kabla mtandao haujakatika. Odette akaweka simu. Akampimia mteja kitambaa, akamkatia, akamkunjia vizuri, akamwambia asante, karibu tena. Akamhudumia mwingine. Jioni akarudi nyumbani, akapika, akawaogesha watoto. Hakulia siku ile wala siku zilizofuata, kwa sababu hapakuwa na maiti, hapakuwa na mkeka, hapakuwa na wanawake wa kuanza kilio, na mtu hajianzishii msiba wake peke yake kama mwendawazimu. Jambo hilo lilimtia aibu ya kumla ndani. Alijiona binti aliyeuza kitenge juu ya maiti ya mama yake. Kwa hiyo alikitaka kile kilio cha jukwaani kama mwenye kiu anavyotaka maji, na alipokaa kwenye mkeka ule kuchambua maharage, alichowaonyesha ni kile kile alichotaka kukifuta.

Hakurudi kwenye mazoezi. Marcellin alimpigia simu, hakupokea. Chanelle alimwandikia ujumbe wenye moyo mwekundu, hakujibu. Msiba wa kujitakia hauambiwi pole, alijisemea, akakunja vitenge vyake.

Kisha siku moja, jua likiwa kali, akamwona Mama Spéciose anakuja kati ya vibanda vya Ruvumera, shela begani, viatu vimejaa vumbi. Mafuta yalikuwa yameadimika tena mjini, mabasi yamelala, na mama wa umri ule alikuwa ameteremka kwa miguu kutoka Gihosha hadi sokoni. Alisimama mbele ya meza ya Odette. Hakuuliza hata habari za watoto, jambo ambalo kwake lilikuwa karibu sawa na kutembea uchi.

"Ile siku sikucheza kwa nguvu zote," akasema. "Nilicheza juu juu. Kwa hiyo wazo lako haijashindwa bado. Nifundishe kulia."

Odette alibaki na kitenge mkononi. Yeye alikuwa ameshindwa mbele ya mashahidi. Mama Spéciose alikuwa na ushindi wake mfukoni, angeweza kukaa kwake Gihosha akanywa chai. Badala yake alikuwa ametembea juani kumwambia mpinzani wake kwamba ushindi ule haukuwa halali. Hasira ya Odette ikatafuta mahali pa kushika, ikakosa.

"Kaa kwanza, Mama," akasema. "Unywe maji."

Kufundishana kulia sokoni si siri. Rosette, jirani yake wa meza, naye mtu wa Uvira, alisikia, akaja na kigoda chake. Akaja muuza dagaa. Akaja na mwingine. Ikawa darasa.

"Maman, kosa ya kwanza," alisema Rosette, "umeanzia mulangoni. Kilio haianziake mulangoni. Inaanziaka ku barabara! Mwenye msiba asikie, aseme: ah, watu wako nakuja, siko peke yangu."

"Na usimwambie marehemu eti pumzika," aliongeza muuza dagaa. "Mugombeze! Mu'ulize! Umeniachia nani? Mbona hukungoja? Ile nguo nilikununulia, umeivaa siku gani?"

Mama Spéciose alisikiliza kama mwanafunzi, kichwa kimeinama upande. Akajaribu. Rosette akacheka mpaka akashika mbavu. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi, na wateja wawili wakaja mbio wakiuliza nani amefariki, wakafukuzwa. Odette mwenyewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha Mama Spéciose akaweka mikono kichwani, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda kana kwamba anatafuta mtu wa kumwuliza. Sauti iliyotoka haikuwa ya redio.

"Papa," akasema. "Papa we. Walikupeleka na viatu ao bila viatu?"

Mama Spéciose akafumbua macho, akaonekana kushangaa pale alipo, akaketi juu ya robota la vitenge.

Aliwaeleza kwa maneno machache, na Rosette alimshika goti muda wote. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka wa sabini na mbili. Baba yake alichukuliwa, kama walivyochukuliwa na kuuawa Warundi wengi mwaka ule, na jirani mmoja akaja kunong'ona kwamba wasimngoje. Mama yake alikuwa ameketi uani na ungo. Nje kulikuwa na watu waliokuwa wakisikiliza ni nyumba gani inalia, na nyumba iliyolia ilikuwa imejitaja. Mama akaendelea kuchambua. Akayapika maharage yale, akawapakulia watoto.

"Tulikula," alisema Mama Spéciose. "Hakukuwa hata jiwe moja. Mama hakuwahi kuchambua muzuri vile."

Odette alisimama hajui aweke wapi mikono yake. Alikuwa amemwita mwanamke huyu, kimoyomoyo, mtu asiye na moyo, kumbe katika onyesho lile lile kila mmoja alikuwa amemleta mama yake, na ubishi wote ule ulikuwa wa mabinti wawili kila mmoja akimtetea wa kwake. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na heshima kubwa ambayo hakujua jinsi ya kuisema. Kwa hiyo alimweleza habari ya simu. Alimweleza yote: kitenge cha maua ya njano, mkasi, asante, karibu tena.

Mama Spéciose alitikisa kichwa taratibu. "Ulipomwambia Marcellin ile asante, nikajua: huyu hachezi. Mwanangu, usione haya. Mama yangu naye alipika."

Ungedhani baada ya hapo wangeafikiana. Thubutu. Walifunga meza pamoja, wakapanda pamoja kuelekea Mutanga Nord, na walibishana njia nzima, ila sasa walibishana kama mafundi. Odette alisema viwepo vyote viwili, ungo na kilio. Mama Spéciose alisema haiwezekani: mmoja akilia kando ya anayenyamaza, watazamaji watamwona anayenyamaza ni jiwe, au anayelia ni mwongo. Odette akasema basi kilio kitangulie. Mama Spéciose akasema kilio kikitangulia, ungo unakuwa kazi za nyumbani. Walisimama katikati ya barabara kupungiana vidole, na mwendesha baiskeli mmoja akawazunguka akiguna. Ndipo mmoja wao akasema: je, kilio kisipokuwa jukwaani? Kianzie barabarani, nje ya geti, nyuma ya watazamaji, kije polepole, na yule wa maharage akisikie kinakuja. Mpaka leo kila mmoja anadai yeye ndiye aliyelisema.

"Na nani analia?" Odette aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Mi," alisema Mama Spéciose. "We utachambua. Umekataa maharage, utakula maharage."

Onyesho lilifanyika Jumapili alasiri katika ua ule ule wa parokia. Watu walijaa hadi ukutani. Kulikuwa na waumini wa misa ya asubuhi wakiwa bado na nguo zao nzuri, wanafunzi, watumishi wa serikali wa mtaani, na safu nzima ya wanawake wa Uvira ambao Rosette aliwaleta kutoka sokoni. Mbuzi alishangiliwa. Ugomvi wa kamba ya nguo ulishangiliwa. Kisha Odette akaketi kwenye mkeka na ungo wake, Marcellin akaingia na habari, na ua mzima ukatulia.

Alichambua. Haragwe huku, jiwe kule. Na kutoka nje, mbali, upande wa barabara, ikaja sauti.

Watazamaji hawakuambiwa. Walidhani ni msiba wa kweli unapita. Wanaume waliokaa nyuma wakavua kofia, mmoja akainuka kufungua geti, na Mama Spéciose akaingia, shela imemwanguka begani, mikono kichwani, akitembea kama mtu aliyetoka mbali sana. Alimgombeza marehemu. Mama wa Uvira, mbona hukungoja ule mpaka ufunguke? Nani alikufunga kitambaa, na binti yako eko huku? Lafudhi yake ilikuwa ya Kirundi tupu, maneno mengine aliyaweka kombo, lakini sauti ilikuwa imepasuka katikati na hakuijali. Alipokaribia jukwaa Odette akasikia, chini ya maneno yale, kwa sauti ndogo, "Papa, papa we," ambayo haikuwa kwenye mchezo.

Wanawake wa Uvira wakaitika. Hakuna aliyewaomba, kwao kilio kikipita hakiachwi kipite peke yake. Rosette alianza, safu nzima ikafuata, na wengine walikwisha kuinuka, wakaja wakaketi chini kando ya mkeka, juu ya saruji, na nguo zao za Jumapili. Warundi walibaki mahali pao, vichwa vimeinama, kimya, ukimya wao ule ambao Odette alikuwa ameudhania ubaridi, na sasa akausikia jinsi ulivyo mzito.

Mama Spéciose akafika. Walikuwa wamepatana kwamba akifika ataketi, atanyamaza, atachambua na mwenzake mpaka taa izimwe. Akaketi. Akanyamaza. Akaingiza mkono kwenye ungo.

Na Odette, aliyepaswa kuendelea kunyamaza, akashindwa. Watu walikuwa wamekuja. Mkeka ulikuwepo, wanawake walikuwepo, mwanzo ulikuwa umeshaanzwa na mtu mwingine, kama inavyotakiwa. Akaweka mikono kichwani, akamwita mama yake. Alimwuliza yote. Alimwuliza nani alimwosha, kama maji yalikuwa ya moto au baridi. Alimwambia kwamba simu ilikatika. Alimwambia kuhusu kitenge, akamwomba asikasirike. Alilia mpaka sauti ikaisha, na muda wote huo, kando yake, mama wa Kirundi mwenye mgongo ulionyooka alichambua maharage bila kuinua macho, akichambua kwa niaba ya wawili. Marcellin alisahau kuzima taa, na ilivyokuwa mchana, haikuwa na maana.

Michezo ikiisha Bujumbura watu hupiga makofi, halafu huja mbele kuwapongeza waigizaji. Siku ile makofi hayakupigwa. Watu walijipanga bila kupangwa, wakapita mbele ya Odette mmoja mmoja, wakampa mkono. "Pole sana, Mama." "Pole ya msiba." Wazee walimshika kwa mikono miwili na kumwambia kwa Kirundi, "Ihangane," yaani vumilia. Hakuna aliyemwambia umeigiza vizuri. Odette alipokea pole zile, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimwondolea kitu kifuani. Mama yake alikuwa ameliliwa.

Kisha akamwona Mama Spéciose. Alikuwa amesimama kando, karibu na mabenchi, akikunja mkeka, na waliompitia walimpigapiga begani. "Hongera, Mama!" walimwambia. "Aisee, ulivyolia! Utadhani ni kweli!" Naye aliwashukuru kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari.

Odette alitoka mahali pake, akamshika mkono, akamvuta. Mama Spéciose akakataa. Odette akavuta zaidi, mpaka akamsimamisha kando yake, bega kwa bega, mbele ya foleni. Aliyekuwa anafuata alikuwa mzee mmoja mwenye kofia mkononi.

"Na huyu naye amefiwa," Odette alimwambia. "Baba yake."

"Ooh! Lini?"

"Mwaka wa sabini na mbili."

Mzee hakuuliza zaidi. Alikuwa na umri wa kujua. Akamgeukia Mama Spéciose, akaibana kofia yake kwapani ili mikono yake yote miwili iwe huru, akamshika.

"Pole, dada yangu," akamwambia. "Pole ya baba."

Mama Spéciose akafungua mdomo amjibu vizuri, kama alivyozoea kuwajibu watu. Badala ya jibu kikatoka kilio, chembamba, cha mtoto wa shule ya msingi. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Odette alimshika mabega, mzee hakuiachia mikono, na foleni ikasubiri.